Unsi wa Timiro

Hebu fikiria chumba kimoja. Kina mlango mmoja na dirisha moja, na vyote viwili vimefungwa. Upepo hakuna. Wewe umekaa kwenye mkeka upande wa nyuma kabisa, umekunja miguu, na kule mbele mtu anafungua kichupa cha manukato na kukiweka sakafuni. Kisha anakaa kimya. Wewe husogei. Kichupa hakisogei. Lakini baada ya kitambo kidogo harufu ile imekufikia puani. Imefikaje?

Nimewauliza watoto swali hili kwa miaka mingi hapa Garissa. Huwa ninawaambia wafumbe macho, na kila mmoja anyooshe mkono harufu itakapomfikia. Mikono huanza kuinuka kwenye madawati ya mbele, halafu yanayofuata, mpaka yale ya ukutani, kama mtu anayekunjua mkeka polepole. Ndipo ninapowaeleza. Manukato yanatoa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo zinagongana na hewa, zinasukumwa huku na huku, na katika kusukumwa huko zinatoka pale zilipojaa na kwenda pale zilipo chache, hadi chumba chote kinakuwa sawa. Joto likizidi zinakimbia zaidi, na joto sisi tunalo. Harufu haina miguu, ninawaambia. Haina macho. Haimtafuti mtu.

Maneno hayo ya mwisho huwa ninayasema kwa sauti ya chini kidogo, kwa sababu hapo humkumbuka eddo wangu Rukiyo.

Eddo ni dada wa baba. Rukiyo aliolewa na mfanyabiashara wa ngozi aitwaye Olow, akiwa mke wa pili, baada ya yule wa kwanza kurudi kwao na watoto. Haya ninayokusimulia yalitokea nyumbani kwake mwaka wa 1966, wakati wa vita vya shifta. Watu wa upande huu waliotaka kujitenga walikuwa porini na bunduki zao, serikali ilikuwa mjini na bunduki zake, na wengine wote walikuwa katikati.

Mabanda ya ngozi yalikuwa yamejipanga mstari mmoja, yote ya bati, yote na milango inayofanana, na yote yakinuka. Ngozi za mbuzi, za ng'ombe na za ngamia zilipakwa chumvi, zikatandazwa juani, kisha zikapangwa ndani hadi karibu na paa. Mgeni akipita alifunika uso. Wenyeji walikuwa wamezoea hata hawasikii. Banda la Olow lilikuwa la katikati, na ukuta wake wa nyuma ndio uliokuwa ukuta wa sebule yake.

Upande wa pili wa njia waliishi Kulow na mkewe Timiro. Kulow alikuwa na ngamia wengi waliolisha hadi kule Hadado. Timiro alijulikana kwa unsi wake. Kila mwanamke wa huku anajua kupika unsi: unachemsha sukari mpaka inakuwa kahawia, unatia ubani uliosagwa, udi, miski na mafuta ya manukato, unamwaga kwenye sinia, na ukishaganda unauvunja vipande vya kuweka juu ya makaa ya chetezo. Jioni unafukiza nyumba, nguo na wageni. Lakini kila mama ana mkono wake, na wa Timiro ulikuwa na kitu cha ziada, mzizi fulani ambao mama yake alikuwa akiuleta kutoka Takaba. Ulinukia sukari iliyoungua, na nyuma ya sukari hiyo kulikuwa na kitu kama mvua inapogusa vumbi. Mtoto wa jirani aliyepotea angeweza kufumba macho akafika kwake.

Asubuhi moja Kulow aliingia sebuleni kwa Olow bila kubisha. Askari walikuwa wamewakuta ngamia wake mahali palipokatazwa, na walikuwa wakisema kwamba anawapelekea maziwa watu wa porini. Alikaa kwenye kona ya wageni, juu ya mkeka, na kusema maneno ambayo kwetu hayasemwi hivi hivi.

"Olow, nimo mkononi mwako."

Mtu akikuambia hivyo ndani ya nyumba yako, damu yake imekuwa damu yako. Olow alijua. Alimshika bega.

"Ingia kule nyuma," akasema. "Hakuna pua itakayokutafuta kwenye ngozi."

"Na ngamia?"

"Wachungaji wako wawachanganye na wangu. Mambo yakitulia utawachukua."

Rukiyo alikuwa akimimina chai. Alimwona mumewe akitabasamu, akafurahi kwamba ameolewa na mtu mwenye ujasiri.

Kesho yake Olow alivuka njia mwenyewe akaenda kwa Timiro. Rukiyo aliwaona wamesimama mlangoni.

"Mumeo amekaa na ngozi mpaka ananuka kama mzoga," Olow alisema. "Nipe unsi kidogo nimfukizie. Mgeni wangu hawezi kukaa hivyo, ni aibu kwangu."

Timiro alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mumewe ajifiche. "Wewe Olow? Wewe ndiye leo wa kusema watu wananuka?"

Lakini aliingia ndani, akachagua kipande kikubwa kuliko vyote, akakifunga ndani ya macawis safi ya mumewe, ile nguo ya kujifunga kiunoni, akampa kwa mikono miwili. Alitaka nguo ifukizwe kwanza, kisha mumewe aivae. Ni heshima kubwa hiyo kwa mgeni, na hakuna mwanamke wa huku ambaye angemnyima mtu aliyeiomba. Olow alibeba chetezo hadi bandani, akaweka makaa, akaweka unsi. Kisha akatoka, akafunga mlango, akaenda kunywa chai kwenye hoteli ya sokoni, akakaa mahali pa kuonekana na kila mtu.

Alasiri askari walikuja kwa miguu. Hawakumuuliza mtu yeyote swali lolote. Yule aliyetangulia alikwenda kwenye banda la kwanza, akaweka pua kwenye upenyo wa mlango, akatoka. Akaenda la pili. Akaweka pua. Akatoka. Timiro alikuwa amesimama mlangoni kwake akitazama, na Rukiyo alikuwa dirishani. Walipofika banda la katikati askari yule alivuta pumzi taratibu, kama mtu anayenusa chakula.

Kisha akanyoosha mkono juu.

Walimtoa Kulow akiwa amevaa ile macawis safi, moshi bado unatoka kwenye mikunjo yake. Walimpandisha kwenye lori. Baadaye ulisikika mlio mmoja upande wa mto, na mwili haukurudishwa kamwe.

Timiro aliwaendea wazee. Walikaa, wakamwita Olow, wakaleta Kitabu. Olow aliweka mkono juu yake.

"Wallahi, ulimi wangu haukumtaja Kulow kwa askari. Kidole changu hakikumwonyesha. Mguu wangu haukuwaongoza."

Na kila alichoapa kilikuwa kweli.

"Walinusa milango," Timiro alisema kutoka walikokaa wanawake. "Mlango kwa mlango. Nani aliwaambia wanuse?"

"Pua ya askari si ulimi wa Olow," mzee mmoja alijibu kwa upole. "Mtu ameapa, mama."

"Basi niulize moja tu. Nani aliwasha unsi?"

"Mimi," Olow alisema. "Kwa heshima ya mgeni wangu."

Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Damu ya Kulow haikuhesabiwa juu ya mtu yeyote. Timiro alisimama, akamkaribia Olow kuliko inavyofaa mjane kumkaribia mwanamume, akamwambia kwa sauti ndogo. Rukiyo aliyekuwa karibu aliisikia.

"Unsi wangu ulisema kwa niaba yako. Nitauacha uendelee kusema. Siku utakayosema wewe mwenyewe, watu wakusikie, ndiyo siku utakayonyamaza."

Jioni ile wanawake walimwona Timiro akipika nje. Alichoma macawis nyingine ya Kulow, ile aliyoiacha haijafuliwa, na majivu yake akayatia kwenye sukari. Unsi ulipoganda hakuuvunja. Aliufunga kwa kitambaa cheupe, akachimba pale lori liliposimama, akaulaza ubavu, akauelekeza Kibla. Akafukia.

Olow naye aliwaita wachungaji, akawapiga ngamia wa Kulow chapa yake.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo somo langu linapoharibika.

Siku moja baada ya swala ya alasiri Rukiyo alikuwa akifagia sebule. Alipofika kwenye kona ya wageni alisikia unsi. Hakushtuka, maana jirani yeyote angeweza kuwa anafukiza. Alipiga hatua moja pembeni. Harufu ikakatika. Akarudi. Ilikuwepo. Akapiga hatua upande mwingine. Haikuwepo. Aliinama, akanyoosha mkono ndani ya ile harufu, akaurudisha puani, akakuta mkono unanukia hadi kwenye kifundo na si zaidi.

Alizunguka polepole akinusa, kama mtu anayepapasa gizani. Harufu ilikuwa na mwisho wake. Chini ilikuwa pana, imeenea kwenye mkeka. Juu ilikuwa nyembamba, na iliishia usawa wa kifua chake. Ilikuwa na ukubwa wa mtu aliyeketi amekunja miguu.

Akagusa mkeka. Ulikuwa na joto.

Unaona tatizo? Harufu ikiwa mahali inatoka. Haina namna ya kukaa. Ili ikae inabidi kuwe na kitu kinachoizuia, kama chupa inavyozuia manukato, na pale mkekani hapakuwa na chupa.

Olow aliporudi alisimama kizingitini.

"Nani amekuja hapa?"

"Hakuna."

"Naa Rukiyo, nakuuliza nani amekuja."

"Njoo unuse mwenyewe," alisema.

Alikuja, akainama, akajiinua haraka. Alifungua mlango na dirisha, akachukua shuka akapunga kwa nguvu mpaka jasho likamtoka. Upepo wa jioni uliingia, ukapeperusha vumbi na kutikisa kanga ya Rukiyo. Harufu haikutikisika. Usiku ule Olow alilala amejifunika kichwa, na asubuhi akautupa mkeka mtoni. Mchana harufu ilikuwa imekaa kwenye sakafu tupu.

Alimwita maalim asome. Maalim alikaa, akafungua Kitabu, akavuta pumzi mara mbili, akakifunga tena taratibu.

"Huyu ni mgeni," alinong'ona. "Mgeni hafukuzwi kwa kisomo. Mpe haki yake."

"Haki gani?"

"Hilo unaniuliza mimi?" Aliondoka bila kunywa chai.

Kisha ilianza kusogea. Haikuenea, ilisogea. Leo iko kwenye kona, kesho iko kwenye nguzo, siku inayofuata iko kando ya sinia la chakula, upande ule usio na mtu. Rukiyo alikuwa akiweka sinia la wali katikati yake na mumewe, nao wakila macho chini. Siku moja aliinua macho. Upande usio na mtu wali ulikuwa umechotwa. Alama za vidole zilikuwa wazi, vidole vya mkono wa kulia, kama anavyokula mtu mwenye adabu.

Olow aliziona pia. Alinawa mikono, na tangu hapo akawa anakula hotelini.

Lakini haikubaki nyumbani. Alipoingia soko la mifugo watu waligeuka.

"Warya Olow, umeoa tena?" dalali mmoja alimtania. "Unanukia kama bwana harusi."

"Hajaoa," mwingine akasema. "Amechoka na ngozi zake, sasa anauza marashi."

Walicheka wote isipokuwa mzee mmoja aliyekuwa ameegemea fimbo.

"Unsi huo ninaujua," mzee alisema.

Kicheko kikakatika. Na hapo ngamia wakainua vichwa. Wale wa Kulow, waliopigwa chapa mpya, walijitoa kwenye kundi wakaja mbio wakiguna, ile sauti wanayomtolea mwenyewe anaporudi kutoka safari. Walifika kwa Olow. Wakasimama. Hawakumgusa. Walinyoosha shingo zao, mmoja baada ya mwingine, wakanusa nyuma ya bega lake la kushoto, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Mmoja alifunga macho kama anayekunwa.

Olow alirudi nyumbani akitembea upandeupande, mgongo ukutani.

Rukiyo alikutana na Timiro mtoni, wakachota maji pamoja. Hatimaye Timiro aliinua mtungi wake.

"Mwambie aseme tu. Sitaki ngamia. Sitaki damu. Aseme mbele ya watu kwamba ni yeye."

"Ataogopa, walaal, ndugu yangu."

"Kulow hakuogopa? Aliingia kwenye ngozi mle kwa sababu alimwamini."

Rukiyo alimpelekea mumewe ujumbe. Alimkuta amekaa mlangoni, nusu ndani nusu nje, maana ndani kulikuwa na harufu na nje kulikuwa na watu.

"Nikisema, nimekwisha," alisema. "Nilikula kiapo. Nani atanunua ngozi kwangu? Nani atawaoa binti zangu? Watasema nilimuua mgeni."

"Na ulimuua?"

Alitazama banda. Macho yake yakabadilika, kama mtu aliyekumbuka mahali alipoweka ufunguo.

"Kule haiwezi kuingia," akasema. "Kule kunanuka."

Asubuhi iliyofuata alinunua ngozi mbichi kutoka machinjioni, zenye damu na mafuta bado, akazitandaza ndani ya banda juu ya zile kavu mpaka nzi wakafanya wingu. Majirani walitapika. Alimwambia Rukiyo amletee udongo wa mtoni. Jua lilipokuwa kichwani aliingia, akafunga mlango, akaanza kukandika kutoka ndani. Aliziba upenyo wa mlango. Aliziba matundu ya misumari kwenye bati. Aliziba kitundu cha hewa kwa gunia. Rukiyo alisimama nje akisikiliza viganja vyake vikipiga udongo, pa, pa, pa. Ulikuwa umebaki upenyo mmoja tu, mdogo, usawa wa mdomo.

"Olow."

"Nipo."

"Unaisikia?"

Alimsikia akinusa.

"Hapana. Ngozi tu." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Alhamdulillahi. Ngozi tu."

Akauziba na upenyo ule.

Rukiyo alikaa chini ya kivuli cha ukuta. Bati lililia kwa joto. Nzi waliokuwa nje walikuwa wamejaa mlangoni, weusi, wakitafuta njia ya kuingia.

Kisha nzi wakaondoka. Wote. Kwa pamoja.

Alisikia sauti ndani, ndogo sana, kama inatoka chini ya maji. Aliweka sikio kwenye bati. Bati lilimuunguza. Hakuliondoa sikio.

"Rukiyo. Ngozi hazinuki tena."

"Toka nje."

"Hazinuki kabisa."

"Fungua mlango, Olow. Toka."

"Siwezi," alisema. "Amekaa mlangoni."

Rukiyo alipiga bati kwa ngumi. Alimwambia aseme. Alimwambia aseme sasa hivi, apaze sauti, yeye atawaita watu. Wanawake walikuwa wanatoka majumbani. Timiro alikuwa amesimama upande wa pili wa njia, mikono ndani ya shuka lake.

Na Olow alisema.

Hilo eddo alikuwa na hakika nalo hadi anakufa. Alisema, na alisema sana. Sauti ilipanda na kushuka, ikalia, ikaomba, ikarudia. Ilikuwa sauti ya mtu anayeeleza jambo tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini alikuwa ameziba vizuri. Udongo ulikuwa mnene. Ngozi mbichi zilikuwa zimetanda kila ukuta. Hakuna neno hata moja lililotoka likiwa neno.

Sauti ikanyamaza.

Ndipo harufu ikatoka. Bila upenyo, bila tundu. Ilimfikia kwanza Rukiyo, akafunika pua kwa mkono. Ikamfikia mwanamke aliyesimama nyuma yake, naye akainua mkono. Ikafika banda la jirani, kisha la mwisho, mikono ikiinuka mmoja baada ya mwingine kando ya njia yote. Sukari iliyoungua, na mvua juu ya vumbi. Kwa mara ya kwanza ilikuwa inaenea kama harufu nyingine yoyote. Kitu kilichokuwa kimeizuia kilikuwa kimeiachia.

Wanaume walivunja mlango. Olow alikuwa ameketi katikati, amekunja miguu, mikono juu ya magoti, mdomo wazi. Ulimi wake na meno yake vilikuwa na masizi. Hapakuwa na chetezo. Hapakuwa na kaa wala majivu. Mzee mmoja alichukua ngozi mbichi akaisogeza puani, akaitupa, akachukua nyingine. Zile ngozi zenye damu hazikunuka chochote, kama karatasi. Mbele ya Olow, karibu na mlango, ngozi moja ilikuwa imebonyea, umbo la mtu aliyeketi akitazamana naye. Mzee aliigusa. Akaurudisha mkono wake haraka na kuuficha ndani ya kanzu.

Timiro alivuka njia. Watu walimpisha. Alitazama ndani kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Rukiyo.

"Alisema?"

"Alisema."

"Ulimsikia?"

Rukiyo hakuweza kumdanganya. "Nilisikia sauti. Maneno sikuyasikia. Hakuna aliyeyasikia."

Timiro alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa kwamba safari ni ndefu kuliko alivyodhani.

"Basi bado," akasema, akarudi kwake.

Wazee walimrudishia ngamia bila yeye kuwaomba, na hakuna aliyetaja kiapo. Baada ya vita alihama na mifugo yake kuelekea kaskazini. Mabanda yalibomolewa, na miaka mingi baadaye, watu walipokuwa wamesahau, pale palijengwa madarasa. Mimi nimefundisha katika darasa la katikati. Ni darasa zuri, lina mlango mmoja.

Mwaka mmoja niliwafanyia watoto lile somo la harufu. Nilifunga mlango, nikafunga madirisha, nikawaambia wafumbe macho na kunyoosha mkono harufu itakapowafikia. Kichupa kilikuwa mfukoni mwangu. Niliingiza mkono nikitoe.

Nyuma kabisa, kwenye kona, mkono mmoja ulikuwa umeshainuka.

Alikuwa ni Amran, mtoto mpole asiyependa kusema. Babu wa mama yake alikuwa Olow, ingawa nyumbani kwao jina hilo halitajwi na yeye hakulijua. Macho alikuwa ameyafumba kama nilivyomwagiza.

"Imefika, mwalimu," alinong'ona.

Halafu mkono wa aliyekaa mbele yake ukainuka. Halafu wa aliyefuata. Mikono ilikuja kutoka nyuma kuelekea mbele, dawati kwa dawati, kuelekea mahali niliposimama, mpaka ikafika dawati la kwanza.

"Inanukia nini?" niliuliza.

"Sukari," Amran alisema. "Imeungua."

Niliwatoa wote nje wakacheze. Nilipobaki peke yangu nilikwenda kwenye ile kona, nikapiga magoti, nikaweka kiganja kwenye saruji. Ilikuwa na joto. Niliondoka bila kufunga mlango.

Somo lile bado ninalifundisha, kwa sababu ni somo zuri na watoto wanalipenda. Siku hizi ninalifundisha nje, chini ya jua, na mara nyingi haliendi vizuri. Na wewe uliyenisikiliza kwa subira mpaka hapa, nina ombi dogo tu. Ukiwa ndani ya chumba kilichofungwa, na harufu nzuri ikakufikia, tafadhali kumbuka jambo moja. Kabla hujainua mkono, angalia kwanza kama kuna chupa iliyofunguliwa.